Barua ya wazi kwa Baba Paroko na bodi ya shule: mmewaondolea watoto wa yuniti walimu, hamjawajumuisha

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, Bwana Mwenyekiti wa bodi, Mwalimu Mkuu, na nyinyi wa TSC, tume inayoajiri walimu, hapo kwa kaunti ndogo ambao sijawatumia lakini najua itawafikia, juu hapa Nairobi kitu kikiingia grupu moja ya WhatsApp jioni asubuhi kimeshazunguka Eastlands yote.

Mimi ni mzazi hapo shuleni, kijana wangu ako Gredi 4 na ako na usonji. Jina la shule siweki na lake pia siweki, nyinyi mnajijua na wale wengine haiwahusu. Wazazi wenzangu wa yuniti, lile darasa la watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule, nimewasomea hii barua kabla ya kuituma, kuna maneno walisema nipunguze makali nikapunguza, kuna mengine nikakataa kabisa.

Shida yetu ni ile memo ya kufungua muhula. Ilisema shule sasa ni jumuishi kamili, ati watoto wote wa yuniti wataingia madarasa ya kawaida na wenzao wa rika lao, ikamalizia kwa kutushukuru kwa ushirikiano wetu. Tuliipata kwa simu Ijumaa jioni na shule inafunguliwa Jumatatu. Sasa mtu wa mbali akisoma hiyo memo atapiga makofi, atasema hawa Wakatoliki wako mbele. Lakini sisi tunajua kilichotangulia. Sista aliyeanzisha yuniti alipewa utume mwingine na shirika lake akaenda, hiyo ni nadhiri yake na hatuwezi kuingilia. Mwalimu wa yuniti, yule wa TSC aliyesomea elimu maalum pale KISE, chuo cha serikali cha walimu wa elimu maalum, akapata transfa. Wasaidizi wawili waliokuwa wanalipwa kupitia parokia wakaambiwa pesa ya wafadhili wa ng'ambo imeisha kwa hivyo kontrakti haiendelei. Chumba cha yuniti kikapewa junia, yaani wale wa Gredi 7 mpaka 9, wafanye maabara. Hayo yote yalipokwisha ndio memo ikatoka. Kama mngeanza na mpango, mkatuita, mkasema tunataka watoto wasome pamoja na ndio hawa walimu tumewaandaa, alafu baadaye mtu mmoja akahama, ningesema ni bahati mbaya tu ya kazi. Lakini watu walitoka kwanza, chumba kikatoka, na watoto wakapelekwa mahali palipobaki.

Na msiseme tunapinga watoto wetu kusoma na wengine. Hapana. Hicho ndicho tumekuwa tukitaka tangu siku ya kwanza, mimi mwenyewe nilikataa kumpeleka kijana wangu shule maalum ya mbali juu nilitaka akue na watoto wa mtaa wake, wale atakutana nao kwa duka na kwa misa na kwa stegi maisha yake yote. Na yuniti yetu haikuwa jela. Mwalimu alikuwa anatoa watoto polepole, huyu anaingia Gredi 3 wakati wa nyimbo na sanaa, yule anaenda hesabu tu juu hesabu anaiweza kushinda hata wenye darasa, mwingine anaenda PE na anarudi, na kila anapoenda msaidizi anaenda naye mpaka azoee, alafu msaidizi anaanza kukaa mlangoni, alafu anaacha kuenda. Kijana wangu alifika mahali anakaa kwa darasa la kawaida kutoka asubuhi mpaka saa ya uji bila mtu kando yake. Hiyo ilichukua muda mrefu sana, na ilifanywa na watu waliojua kazi.

Wacha niwaeleze kazi yenyewe, juu naona kama bodi inafikiria mwalimu wa yuniti alikuwa anachunga watoto tu wasitoroke.

Kwa ukuta wa kile chumba kulikuwa na mstari wa picha, zimepigwa laminesheni kwa saiba, nyuma zimewekwa velkro. Picha ya kengele, picha ya kitabu, picha ya kikombe cha uji, picha ya choo, picha ya mpira, picha ya basi la kuenda nyumbani. Kila mtoto alikuwa na mstari wake na jina lake. Ukimaliza kitu unabandua picha yake unaiweka kwa boksi chini, kwa hivyo mtoto ambaye hawezi kuongea anajua saa hii ni nini na inayofuata ni nini, na siku ikibadilika, kwa mfano kuna misa ya shule, mwalimu anaweka picha ya kanisa mapema asubuhi ili mtoto asishtukie kengele imelia na watu wote wanatoka. Mtu anaweza kuona hizo ni picha tu. Kwa kijana wangu hizo picha ndizo zilimaliza kupiga kichwa kwa ukuta. Nilipokuja kuulizia baada ya transfa niliambiwa ziko salama, nikaonyeshwa stoo, ziko ndani ya katoni ya unga, juu yake kuna mopu na mabendera ya siku ya michezo. Zimechanganywa za watoto wote. Velkro nusu imeng'oka. Hakuna mtu aliachiwa kitabu wala faili ya kueleza zinatumika vipi, na yule mwalimu hatumlaumu hata kidogo, barua yake ya transfa ilisema aripoti kituo kipya na akaripoti, kwani angefanya nini.

Ingine ni ya dishi. Watoto wetu wanakula ile ya Dishi na County, chakula cha shule cha kaunti, unalipa shilingi 5 kwa mlo na mtoto anagusisha bangili yake kwa mashine ndio apewe sahani. Ni mpango mzuri na mimi sina maneno nao. Lakini kijana wangu hawezi kuvaa kitu kwa mkono, kikimgusa hapo anakitafuna mpaka damu, kwa hivyo msaidizi aliifunga ile bangili kwa zipu ya begi yake na akipanga laini anaenda na begi. Kitu kidogo tu. Baada ya wasaidizi kutolewa, mwalimu wa zamu, ambaye ana laini ya watoto mia kadhaa mbele yake na jua la saa saba, anaona mtoto hana bangili anamwambia asimame kando. Mtoto hasemi. Anasimama kando. Nimekuja kujua juu alikuwa anarudi nyumbani anaingia moja kwa moja kwa sufuria. Mwalimu wa zamu si mtu mbaya, nimeongea naye na alisikitika kweli, hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Na kuna hii ambayo mama mmoja aliniambia niandike na nisipake rangi. Ako na kijana mwenye mtindio wa ubongo, anatumia kiti cha magurudumu. Dadake ako Gredi 6 shule hiyo hiyo. Tangu wasaidizi waende, kijana akitaka choo mwalimu anatuma mtoto aende kumwita dadake kutoka darasani. Msichana wa Gredi 6, mwaka wa mtihani wa KPSEA, anatolewa katikati ya somo kuenda kumbeba kakake, na kiti hakiingii kwa mlango wa choo kwa hivyo anamwacha nje na kumbeba kweli kweli mgongoni. Sasa kijana ameanza kukataa kunywa maji shuleni ili asimsumbue dadake. Baba Paroko, mimi nakuuliza wewe kama baba, hao watoto wawili nani amewajumuisha?

Darasa la Gredi 4 ambalo kijana wangu amewekwa liko na watoto zaidi ya 70. Mwalimu wake anajaribu, Mungu ambariki, lakini hajasomea hii kazi na hakuna mtu amekaa naye chini hata lisaa limoja amweleze nani ni nani. Kijana anapewa homuweki ya Kilimo na Lishe aandike insha, na yeye kwa ripoti zake zote ako kwa ule mkondo wa hatua, si wa umri. Mtaala huu wetu mpya uliweka njia mbili makusudi, kuna watoto wanafuata gredi na kuna wale wanafuata hatua, mtu anatoka hatua moja kuenda ingine akiwa tayari, anafunzwa kujivalisha, kupika, kutumia pesa, kuongea kwa ishara au picha, na anapimwa kwa hayo. Hicho si kitu tumebuni sisi wazazi. Kiko kwa mtaala. Sasa ukimchukua mtoto wa hatua umuweke kwa deski ya nyuma Gredi 4 bila mwalimu wa hatua, utakuwa umemtoa shule akiwa ndani ya shule.

Hata sera yenyewe ya serikali, ile ya 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu, inasema elimu jumuishi ndio mwelekeo lakini haikusema yuniti zifungwe, inatambua shule maalum, yuniti ndani ya shule za kawaida, na hata masomo ya nyumbani kwa wale hawawezi kutoka, yaani mtoto apate kinachomfaa. City Primary pale Ngara ni shule ya kawaida ya serikali na imekuwa na yuniti ya usonji tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na haijawahi kuambiwa si jumuishi juu ya hiyo. Na Katiba kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizounganishwa na jamii kwa kiwango kinacholingana na maslahi yake. Hayo maneno ya mwisho ndio muhimu. Si maslahi ya ratiba, si ya maabara.

Najua mtasema pesa. Sawa, tuongee pesa, sisi si watoto. Serikali inatuma shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa praimari kwa mwaka mzima, na junia ni shilingi 15,042 kwa mwaka, na hizo zenyewe zinakuja zimechelewa na nusunusu. Kwa hivyo naelewa kabisa Mwalimu Mkuu akiangalia chumba kimoja na watoto wachache ndani na upande ule mwingine ako na Gredi 7 mpaka 9 wanafanya sayansi chini ya mti, mkono unaenda wapi. Tangu junia iletwe kwa shule za praimari 2023 hakuna shule hapa haijafinywa. Mimi ningekuwa kwa hicho kiti pia ningekuwa na usiku mbaya. Lakini sikubali kwamba wakati wa kufinyana wanaotoka kwanza ni wale wale kila mara, na sikubali kabisa kwamba tuliambiwa baada ya mambo kuisha. Sisi wazazi wa yuniti tungechanga. Tumechanga choo, tumechanga tenki ya maji, tumechanga gari la Padri aliyetangulia, harambee hatujawahi kuogopa. Mngetuambia mwezi mmoja kabla kwamba pesa ya wasaidizi inaisha tungejua tunafanya nini, hata kama ni kulipa mmoja kwa zamu.

Baba Paroko hapa sasa nakuja kwako, na nasema kwa heshima yote. Kila tukikuja ofisini jibu ni kwamba walimu ni wa TSC, parokia haina mkono. Ni kweli walimu ni wa TSC. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 27 kinataja kazi za mfadhili wa shule, yaani sponsa, na hapa kwetu ni Kanisa, na si katekesi peke yake. Mfadhili ako na watu kwa bodi, anasimamia mambo ya kiroho bila kuwasumbua wa dini zingine, na anatoa msaada wa kifedha na wa majengo. Majengo, Baba. Kile chumba kilijengwa na sadaka, nilikuwa kwa hiyo misa, kikapewa junia kwa mkutano ambao mfadhili ako na viti vitatu. Hao watatu walisema nini siku hiyo? Na kifungu cha 56 kinasema bodi iwe na mtu mmoja wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalum. Tumeuliza ni nani, tumeuliza kwa mdomo na kwa barua, hakuna anayetuambia jina. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi ndivyo ilivyotutendekea, chumba kiligawanywa kwa meza ambayo hatuna mtu.

Na hili Kanisa letu si geni kwa hii kazi, ndio maana inauma. Elimu ya watoto wenye ulemavu hapa Kenya haikuanzishwa na serikali, ilianzishwa na makanisa. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Salvation Army 1946. Upande wetu kuna St. Lucy kule Igoji Meru ya wasioona, kuna Nyang'oma ya viziwi kule Bondo. Wakati huo mtoto kama wangu alikuwa anafichwa ndani akija mgeni, na waliomtoa nje ni mabruda na masista. Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye tamko lake la elimu la tarehe 28 Oktoba 1965 ulisema wazazi ndio waelimishaji wa kwanza wa watoto wao, na ukawaambia wachungaji wasihesabu gharama kwa shule za Kikatoliki hasa kwa ajili ya wale wasio na kitu. Mimi si mtu wa vitabu sana lakini hiyo tulifundishwa kwa semina ya jumuiya, na aliyetufundisha ni wewe Baba.

Halafu kila tarehe 3 Disemba, siku ya watu wenye ulemavu duniani, tunaona mapicha, watoto wa yuniti wamevaa fulana mpya wako mbele ya altare, wanapeleka vipaji. Wa PMC wetu, kikundi cha watoto cha Kanisa, wanacheza nao vizuri sana Jumapili, nawapa heko, wale watoto wa Utoto Mtakatifu wameelewa hii maneno kuliko watu wazima wengi, huwaoni wakimshangaa mtu. Mimi nataka tu ile roho ya mapicha iwe pia kwa mkutano wa bajeti.

Kwa Mwalimu Mkuu mpya. Mama, tulikupokea vizuri, tulisema mgeni njoo mwenyeji apone, na bado hatujabadilisha. Umekuta haya mengi yamepangwa kabla hujafika na inajulikana. Lakini siku ile ulimwambia mzazi mbele ya sekretari kwamba kama hajaridhika kuna Jacaranda na kuna shule zingine maalum, hiyo ilitushinda. Kutoka huku Eastlands mpaka Jacaranda kule Kilimani kila asubuhi na mtoto ambaye muziki wa matatu unamfanya ajitupe chini kati ya viti, na makanga anasema mama shuka na huyo mtoto wako anasumbua wateja, wewe ungeweza? Na pia sheria hiyo hiyo ya 2013 hairuhusu shule kumbagua mtoto kwa ulemavu wake wakati wa kumpokea, sembuse ambaye ameshapokewa na ako na namba ya usajili hapo. Hatutaki vita na wewe. Tunataka tu usirudie hayo maneno kwa mzazi mwingine, juu kuna wazazi wageni wamechoka na wataondoka kweli, na mtoto atakaa nyumbani, na hakuna mtu atahesabu.

Kwa TSC maneno yangu ni machache. Mwalimu ako na haki ya kuhama, ako na familia, ako na afya yake, na huyu wetu alikuwa ameomba akae karibu na mamake kwa muda mrefu. Lakini kanuni zenu wenyewe zinasema transfa iangalie kama pale anapotoka anahitaji mtu wa kushika nafasi yake. Mmemtoa mwalimu wa elimu maalum mkatuletea mwalimu wa Kiswahili na CRE, mzuri sana, kijana, ana bidii, na hajui ishara hata moja. Kwa karatasi yenu hesabu imebalansi, mmoja ametoka mmoja ameingia. Na watu waliosomea hii kazi wako, KISE imekuwa ikiwafunza pale Kasarani tangu 1986, wengine tunakutana nao mtaani wanafanya kazi ya duka wakingoja kuajiriwa.

Sasa mnataka nini, ndio swali tunaulizwa kila mara kama vile hatujasema. Tunataka mwalimu wa elimu maalum arudishwe kwa hiyo nafasi, na tuambiwe kwa maandishi ni lini, si ati ombi limepelekwa. Huku tukingoja, kile chumba kirudi au tupewe kingine hata kama ni kidogo, hata ile stoo ya vitabu karibu na jikoni, sisi wenyewe tutapaka rangi na kuweka mkeka, maabara na yuniti zinaweza kutumia chumba kimoja kwa saa tofauti kama watu wakikaa chini na ratiba. Msaidizi wa choo apatikane mara moja, hii si ya kungoja bajeti, ni ya kesho asubuhi, tumeshapata mama wa jumuiya ako tayari na yule aliyekuwepo pia ako tayari kurudi kwa pesa kidogo, na mlango wa choo upanuliwe, fundi tunaye. Yule msichana wa Gredi 6 asitolewe darasani tena. Mtoto aliyekuwa anaweza kukaa darasa la kawaida aendelee kukaa, hatutaki mumrudishe yuniti siku nzima ati ndio mtuonyeshe, na yule ambaye hawezi asisukumwe. Faili za asesmenti zitolewe popote zilipo, kila mwalimu ambaye ako na mtoto wetu asome ya huyo mtoto, na zile karatasi nyingi tulizozunguka nazo kutoka EARC, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, mpaka hospitali ya serikali kutafuta kadi ya ulemavu zisikae kwa droo kama mapambo. Na ile katoni kwa stoo tupewe. Tutazipanga sisi wenyewe, nyingi tunazijua ni za nani.

Na kitu cha bodi, tutajieni jina la mwakilishi wa mahitaji maalum. Kama hakuna, tuko na mtu, ni baba wa msichana kiziwi wa Gredi 5, ni mhasibu, hatawasumbua kwa kelele, atawasumbua kwa hesabu.

Kuna mzazi ameniuliza sioni kama nitafanya kijana wangu achukiwe. Nimefikiria. Walimu wa hiyo shule nawajua, wengi wao ndio wamekuwa wakinipigia simu usiku kuniambia mambo yanavyoenda, na wako wawili watatu wamejitolea wasome ishara kwa YouTube na pesa yao ya bando. Hao siwezi kuwaogopa. Mimi naogopa tu ule ukimya wa ofisini, ule wa tutaangalia, tutawaita, mambo yanafanyiwa kazi.

Jumapili hii baada ya misa ya pili tutakuwa ukumbi mdogo wa parokia, tumeshaandikisha kwa katibu wa parokia na tumelipia viti. Baba Paroko na Bwana Mwenyekiti mmealikwa, Mwalimu Mkuu pia, na kama TSC watatuma mtu tutamsikiza. Wazazi ambao watoto wao hawako yuniti mnakaribishwa, juu hiyo Gredi 4 ya watoto 70 na kitu ni ya watoto wenu pia na mwalimu mmoja hawezi. Tutaandika mambo yatakayosemwa na kila mtu atapata kopi. Tusipoona mtu, Jumanne tunaenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na nakala ya hii barua, alafu ofisi ya elimu ya Jimbo Kuu pale Holy Family, na tutaenda na watoto juu hatuna wa kuwaachia.

Majibu yaje kwa maandishi na muhuri, si kwa sauti ya WhatsApp. Namba yangu sekretari anayo.

Mzazi wa Gredi 4, kwa niaba ya wazazi wa yuniti
Eastlands, Nairobi